Beseni Limeinamia Kushoto

Leo nimepatikana.

Tena sijapatikana kidogo. Nimepatikana mzima mzima, kuanzia utosini mpaka unyayoni, na kilichoniponza kiko katikati hapo: nyonga.

Nawaandikia wote kwa mpigo, nyie niliosoma nanyi chuoni, kwa sababu nikimwandikia mmoja atawasimulia wengine na ataongeza chumvi. Bora chumvi niitie mwenyewe. Nipo ofisini, kwenye kompyuta pekee yenye mtandao, na naandika mbio. Herufi zikipishana mnisamehe. (Mtu wa stoo amesimama nyuma yangu. Anakohoa kwa makusudi. Na akohoe.)

Mnajua nipo huku Ngara, zahanati ya kambi ya wakimbizi, mtaalamu wa viungo. Warundi wa kambini wanakuja, wenyeji wa vijijini nao wanakuja, na wote wana migongo, magoti na nyonga. Mnajua pia habari za Edita, yule mwalimu wa Mbuba. Msichojua ni kwamba jibu la posa yangu linatolewa Jumapili hii. Baba yake amekubali. Wajomba wamekubali. Aliyebaki ni mama, na mkishaoa mtajua kwamba aliyebaki akiwa mama, basi wamebaki wote.

Mama alisikia kazi yangu. Ndiyo shida ilipoanzia. Mshenga wangu, mzee Gervas, mtu wa kwaya na baiskeli, aliniletea maneno yake wiki iliyopita bila kuyapunguza makali.

"Anauliza, binti yake ataolewaje na mtu anayeshinda kutwa ameshika viuno vya wake za watu?"

"Ukamjibu nini, mzee?"

"Nikaomba maji ya kunywa."

Tangu siku hiyo silali. Chakula hakipiti. Nampenda Edita, jamani, niseme tu wazi, na nilikuwa nimeshaanza kupanga kitanda kikae upande gani wa chumba. Leo nikose mke kwa sababu ya fani niliyoisomea na kufaulu? (Nilifaulu kwa shida, najua mnakumbuka. Lakini nilifaulu.)

Na huyo mama mwenyewe nilikuwa sijawahi kumtia machoni. Huku mama mkwe hazoeleki. Humpi mkono. Humkalii mkeka mmoja. Mkikutana njiani unaingia migombani mpaka apite. Kwetu Biharamulo nako ni hivyohivyo, kwa hiyo desturi sikuona shida nayo, ila nilikuwa naogopa. Wiki nzima, kila mama mwenye kitenge cha heshima akitokea barabarani, mimi najitosa porini kwanza, natazama baadaye. Nimechanika suruali kwa miiba. Wengi wao walikuwa wauza vitunguu.

Sasa leo. Alhamisi ni siku yangu ya kuwafundisha wahudumu wa afya wa kambini, na somo la leo lilikuwa nyonga. Ile mifupa ya plastiki tuliyoagiza haijafika, sidhani kama itafika. Nikachukua parachichi na beseni.

Nikapasua parachichi mbele yao. "Nyonga ya mtu ni hii," nikasema. "Kokwa ni kichwa cha mfupa wa paja. Hiki kishimo ni tundu lake kwenye fupanyonga. Kokwa linazunguka humu ndani: mbele ukipanda mlima, nyuma ukisukuma baiskeli, pembeni ukiruka mfereji. Na huu utelezi ndio gegedu. Ukiisha, mfupa unasaga mfupa, mtu analia."

"Halafu linariwa?" akauliza mama Spesioza. Huyu ni mkunga wa jadi kutoka Burundi, l zake nyingi hutoka r, amezalisha nusu ya kambi, na kila somo langu analipima kwa tumbo.

"Baadaye, mama."

Kisha nikajifunga beseni la plastiki kiunoni kwa kamba, likakaa mbele ya tumbo. Msinitazame hivyo. Fupanyonga ni beseni, mnajua wenyewe, tena limetobolewa chini, limebeba utumbo, limebeba mtoto, na miguu imechomekwa huku na huku. Nikawaeleza kwamba ukisimama kwa mguu wa kulia peke yake, misuli ya pembeni mwa nyonga hiyohiyo ya kulia inakaza, beseni linabaki sawa. Misuli ikiwa dhaifu, beseni linainamia kushoto, upande ule ulioinua mguu. Ndiyo maana mgonjwa wa nyonga anatembea akiyumba.

"Anayumbaje?" wakauliza.

Hapo ningesema tu kwa mdomo. Lakini mimi, nikishapata hadhira! Nikatoka nao barazani, nikatembea baraza nzima nikichechemea, beseni tumboni, bega likienda huku na makalio kule, mbele ya foleni yote ya wagonjwa. Foleni ikacheka. Mzee mwenye mkongojo alicheka mpaka akamkabidhi jirani mkongojo wake. Mama mmoja tu hakucheka. Alikuwa ananitazama miguu, kwa makini sana. (Ningejua!)

Tukarudi ndani. Nikauliza mlangoni, "Kuna mwenye maumivu ya nyonga atusaidie kwa mfano?"

Yule mama akanyanyuka. Kitenge safi, kilemba kimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Akaja anachechemea, na mimi moyo ukanidunda kwa furaha, maana ulikuwa mwendo uleule nilioufundisha. Bega huku, makalio kule! Nikawageukia wanafunzi kwa uso wa kusema, mnaona?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Unaitwa nani, mama?"

Akafikiri kidogo. "Anastazia."

"Unatoka wapi?"

"Kibimba."

Nikamweleza utaratibu, kama ninavyowaeleza wote. "Mama, nitaweka mikono hapa na hapa, pembeni mwa nyonga, juu ya nguo. Huyu mama Spesioza atasimama karibu yako. Ukisema acha, naacha. Unaniruhusu?"

Akanitazama kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. "Unawauliza wote hivyo?"

"Wote, mama."

"Hata wasichana?"

"Hata wasichana. Hata polisi wa getini alipotegua kiuno, nilimuuliza."

"Na huyu mama anasimamaga hapo siku zote?"

"Akikosekana yeye, namwita mwingine. Peke yangu sipimi."

"Mm," akasema. "Pima."

(Wagonjwa wengine wana maswali mengi. Nilidhani ndivyo alivyo.)

Nikaweka mikono. Nikamwomba asimame kwa mguu wa kulia, ainue wa kushoto. Akainua. Na jamani, beseni likainama kushoto! Likainama vizuri, taratibu, kama kwenye kitabu. Tangu tumalize chuo sijapata dalili safi namna ile. Wanafunzi wakasema "Aaaah!" wote kwa pamoja, na hiyo "aaah" ndiyo iliyonimaliza. Mtu ambaye hajalala wiki nzima, akisikia "aaah" moja tu analewa.

Nikaanza kupiga ramli.

"Nyonga hii ni ya miaka mingi," nikatangaza. "Mama hawezi kulalia upande huu. Sivyo, mama?"

"Ee," akasema.

"Kupanda mlima ni taabu."

"Ee."

"Ndoo ya maji hawezi tena kuibeba."

"Ee, baba. Siwezi."

Kila nikisema, ee. Hajawahi kutokea mgonjwa mtiifu hivyo. Ningenyamaza hapo leo ningekuwa mtu. Lakini Melkiori, kijana mmoja wa nyuma mpenda maswali, akauliza kama ugonjwa wa nyonga hurithiwa. Jibu la kitaalamu mnalijua: mengine ndiyo, mengine hapana, inategemea. Mimi nikajibu hivi, na nayanukuu maneno yangu mwenyewe ili mnionee huruma:

"Huyu mama kama ana binti, binti ana nyonga hizihizi! Atakayemuoa ajiandae, maji atabeba mwenyewe. Mimi ningekuwa ndiye mchumba, ningeomba ng'ombe mmoja apunguzwe kwenye mahari!"

Darasa likavunjika mbavu. Mama Spesioza akapiga makofi. Nami nikacheka, tena kwa sauti, huku mikono yangu bado ipo kwenye nyonga za yule mama.

Yeye hakucheka. Akauliza polepole, "Ng'ombe mmoja?"

"Mmoja tu, mama. Utani."

"Mm."

Nikampa fimbo ya zahanati. Nikamfundisha aishike mkono wa kushoto, ng'ambo ya nyonga mbovu, ili uzito ugawanyike. Nikamkataza kubeba chochote kichwani. Akashukuru, akatoka anachechemea na fimbo yake, tok, tok, tok. Nilijisikia daktari bingwa. Tukagawana parachichi. (Spesioza alichukua nusu yenye kokwa.)

Tumeanza tu kula, baiskeli ikaangushwa nje. Mzee Gervas akaingia, jasho linamtiririka, kofia mkononi.

"Deo! Kuwa mwangalifu leo, nakuomba!"

"Kuna nini, mzee?"

"Mama Edita. Katoka nyumbani alfajiri na gari la ndizi. Kamwambia mzee wake kwamba posa hajibu mpaka aone kwa macho yake unawashikaje watu. Atakuja hapa kama mgonjwa. Hutamjua!"

Nikaliweka parachichi chini.

"Mzee," nikasema, na sauti ilikuwa si yangu, "yukoje huyo mama?"

Gervas alishanigeuzia mgongo. Alikuwa anatazama dirishani. Nikasogea. Darasa zima likasogea, maana siri huku haina mlango. Kule chini, kutoka soko la kambini, mama mmoja alikuwa anapandisha mlima kuelekea barabara kuu. Kitenge safi, kilemba chini kwenye nyusi. Kichwani ndoo, imejaa mahindi ya njano mpaka yametuna juu, na hakuishika hata kwa kidole. Alitembea haraka haraka, mgongo wima, nyonga zimetulia sawa kama meza ya altare. Ile fimbo yangu ilikuwa kwapani.

Mzee Gervas akaikunja kofia yake mara mbili. "Ndiye yule," akasema.

Kisha mama Spesioza, mdomo umejaa: "Mwarimu, mgonjwa wetu amepona! Ndoo haimwagi hata punje!"

Jamani. Nilikaa chini, na pale chini hapakuwa na kiti. Ndani ya kichwa nilikuwa nayasikia maneno yangu, moja moja, yanarudi. Nimemshika mama mkwe kiunoni, mikono miwili. Nimemsimamisha kwa mguu mmoja mbele ya watu. Nimesema binti yake hafai kubeba maji. Nimempunguza ng'ombe! Na juu ya yote, ugonjwa wenyewe hana. Aliuona barazani, akauiga, na mimi mwenye cheti nikauthibitisha. Nikamwona akilini Edita, Jumapili, anaambiwa habari hizi, anashusha macho, ananirudishia saa niliyompa. Machozi yalinilengalenga, siwafichi.

"Mkimbilie ukamwombe radhi," akasema Melkiori.

"Atamkimbiliaje?" Gervas akang'aka. "Sasa anamjua! Amkimbilie mama mkwe barabarani, mchana kweupe?"

Spesioza akaacha kutafuna. "Mabukwe?" akauliza kwa Kirundi chake. "Yule alikuwa mabukwe wako? Mana yanje!" Akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye parachichi.

Wakati huo Melkiori, aliyebaki dirishani, akasema neno ambalo sitalisahau.

"Anarudi."

Kweli alikuwa anarudi. Ndoo ameiacha chini ya mti barabarani, fimbo mkononi, anashuka. Anairudisha! Mtu mwaminifu namna ile! Mimi sikufikiri. Miguu ilifikiri. Nikaruka nyuma ya pazia la kupimia wagonjwa, lile lililotundikwa kwa kamba pembeni ya chumba, nikatulia tuli. Kilichonitoka akilini ni kwamba pazia hilo tulilikata chini mwezi jana, tukapata vitambaa vya kuning'inizia mikono iliyovunjika. Linaishia magotini.

Nikamsikia anaingia. "Nimeleta fimbo ya watu."

Darasa lote likasimama.

"Gervas. Nawe upo."

"Nipo, mama."

"Mwambie huyo aliye nyuma ya pazia, viatu vyake vinaonekana."

Gervas akageukia pazia. "Mama anasema viatu vyako—"

"Nimesikia, mzee."

"Mwambie asitoke," akasema mama. "Adabu hiyo imechelewa, lakini akae nayo. Mwambie ainue mguu wa kushoto. Mimi nilisimama. Naye asimame tuone."

Mngefanya nini nyie? Nikainua mguu. Kutoka kule darasani nikasikia benchi zinasogezwa ili waone vizuri. Mguu wa kulia ukaanza kutetemeka, na goti nalo, na kila kitu kilichounganishwa na goti.

"Tutajuaje kama beseni liko sawa?" akauliza Melkiori. (Huyu nitamfelisha.)

Mama Spesioza akaingia nyuma ya pazia, anafuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na utaratibu aliushika wote. "Mwarimu," akasema kwa heshima, "nitaweka mikono hapa na hapa, juu ya nguo. Unaniruhusu?"

"Naruhusu," nikanong'ona.

Akaweka. Akapima kwa makini. Kisha akatangazia chumba kizima: "Beseni rinainamia kushoto! Misuri ya kuria ni dhaifu!"

"Ya miaka mingi," akasema mama mkwe.

Hapo nikayumba. Nikashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni pazia. Kamba ikakatika. Nikaenda chini na pazia likanifunika lote, kichwa mpaka kiuno, nikabaki nimepiga magoti katikati ya chumba kama bibi harusi aliyekosea mlango. Sikuthubutu kujifunua. Nilijua yeye yupo mbele yangu, hatua chache tu, na mimi chini ya kitambaa kinachonuka dawa.

Walicheka, jamani. Foleni ya nje ilikuja mlangoni kucheka. Mzee wa mkongojo alirudi tena.

Mama mkwe akasubiri mpaka wakanyamaza.

"Gervas, mwambie, mikono yake sina neno nayo. Aliomba kwanza, akamweka mama wa watu karibu. Nimeona mwenyewe."

"Mama anasema mikono yako—"

"Nimesikia, mzee."

"Kinachotaka mazoezi ni mdomo."

Gervas hakuirudia hiyo. Haikuhitaji.

"Mwambie yule ng'ombe aliyempunguza nimemsikia. Jumapili aje, na ng'ombe huyo awepo, na mwenzake wa kuongozana naye. Na maji atabeba mwenyewe. Kasema kwa kinywa chake, watu wamesikia."

"Ndiyo, mama," nikajibu kutoka chini ya pazia.

Fimbo ikaegemezwa ukutani. Nyayo zikatoka, haraka haraka, sawa sawa, hakuna kuchechemea hata kidogo.

Nilibaki pale pale magotini, nimekata tamaa kabisa. Nilijua nimefukuzwa. Nikawa nafikiria nitamwambia nini Edita, na kama nihamie Nyakanazi nikauze chai kwa madereva wa malori, huko hawajali nyonga. Ghafla mama Spesioza akapiga vigelegele, vile virefu, mpaka sikio likaniuma.

"Unashangiria nini?" nikamuuliza kwa hasira. Nilikuwa nimechanganyikiwa mpaka lafudhi yake imeniingia.

Akalifunua pazia usoni kwangu, akaniinamia kama anavyowainamia waliojifungua.

"Mwarimu, wewe ni mjinga? Mtu akikukataa, anakuongezea ng'ombe wa nini?"

Nikamtazama Gervas. Mzee alikuwa anatabasamu huku anainyoosha kofia yake. Ndipo nikalia kweli, mbele ya darasa, na beseni bado limefungwa kiunoni. Nilikuwa nimelisahau tangu asubuhi. Mama mkwe wangu alipimwa, akaulizwa, akachekwa, na mtu aliyevaa beseni.

Sasa ni hivyo. Jumapili ipo palepale, na ng'ombe wawili sijui watatoka wapi. Nikasema angalau lile jambo jingine nilianze leo. Nikaazima ndoo kwa mama Spesioza, nikaijaza maji, nikaitwika, nikatoka kisimani mpaka hapa ofisini, mgongo wima, nyonga sawa.

Msicheke. Mtu wa stoo hakohoi kwa ajili ya kompyuta, ameshika dekio. Nimemloweshea ofisi nzima, na anasema maji yote yamemwagikia kushoto.